Tugawane Mbele ya Macho: Mwaka Mmoja wa Kikundi cha Kitongoji Nyarugusu

Mbuzi wa jirani yangu alilia chini ya ardhi usiku kucha. Tulimsikia wote, lakini sauti inayotoka ardhini haina upande. Unaisikia miguuni na huwezi kusema inatokea wapi. Kulipopambazuka ndipo kijana mmoja mchimbaji akaliona shimo, nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka njia wanayopita watoto wetu kwenda shule. Lilikuwa duara la zamani la kuchimbia dhahabu. Aliyelichimba alikosa mawe, akang'oa matimba yake akayatumie kwingine, akaenda zake. Nyasi zikaota, zikaufunika mdomo wote.

Kijana yule alijifunga kamba kiunoni, akashuka, akamfunga mbuzi, nasi tukavuta. Mbuzi alitoka hai lakini mguu ulikuwa umevunjika, akachinjwa siku hiyohiyo. Watu hawakutawanyika. Tulisimama tumelizunguka lile shimo, kila mmoja akiwaza njia ya shule ilivyo karibu. Ndipo bibi mmoja tunayemwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akauliza: "Hili ni la nani?" Tukatazamana. Hakuna aliyelijua jina la mwenye shimo. Mayu akasema, "Kama halina mwenyewe, basi ni letu."

Kikundi chetu kilizaliwa pale pale, kwa neno hilo. Mimi ni mama lishe. Nauza chai na chapati asubuhi, wali maharage na ugali dagaa mchana, kwenye banda langu jirani na makarasha, mashine za kusagia mawe. Kwa kuwa nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nilipewa daftari, nikawa katibu. Mwaka umekwisha, daftari limejaa, na ninayoyaandika hapa nimeyatoa humo.

Nyarugusu ipi?

Ukitaja Nyarugusu, wengi hufikiria kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea ndugu zetu wa Kongo. Yetu ni nyingine. Ni kata katika Wilaya ya Geita, ndani ya mkoa wa Geita uliozaliwa mwaka 2012, kabla ya hapo tukiwa Mwanza. Watu wa huku wamefuata dhahabu kwa vizazi kadhaa. Mgodi wa Geita wa enzi za mkoloni ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Lakini Nyarugusu hasa ni mji wa wachimbaji wadogo.

Msomaji asiyewahi kufika migodini anahitaji maneno machache. Duara ni shimo la kushukia kwenye mwamba wenye dhahabu. Matimba ni magogo yanayozuia kuta zisibomoke. Mawe yakipandishwa hupelekwa kwenye karasha yakasagwe, kisha unga wake huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, na udongo unaobaki tunauita marudio, kwa sababu bado una dhahabu na wapo wanaourudia. Mlio wa karasha ndio saa yetu. Siku ukinyamaza, mji mzima unajua mawe hakuna, na mimi napika nusu ya sufuria.

Mji wa namna hii una ugonjwa mmoja, nao si wa mwili. Kila mtu husema, "Nikipata, naondoka." Kijana wa Kahama, wa Bukombe, wa Kigoma, wa Mara, wote wanasema hivyo. Dhahabu ikisikika kwingine, rashi, yaani mbio za kuifuata, inaondoka na nusu ya wapangaji kwa siku mbili. Sasa katika mji wa watu wanaoondoka, nani achimbe mtaro? Nani afukie shimo asilolichimba? Wakati ule hatukuwa na jibu.

Tulikotoka

Hatukuanza kwenye utupu. Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na jeshi la jadi la sungusungu, lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Tabora wakati wezi wa ng'ombe walipokuwa wameshinda kila mtu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume hutoka na silaha yake. Kulikuwa na mtemi wao, katibu wao na makamanda wao, na mwaka 1989 sheria ililitambua jeshi hilo la jadi. Kabla yake kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, utaratibu ulioletwa na chama cha TANU katikati ya miaka ya 1960. Na msaragambo ni neno ambalo Watanzania wengi wa vijijini wanalijua migongoni mwao: siku ya kazi ya wote, kila kaya itoe mtu na jembe.

Serikali nayo ina mpango wake. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inataka kila kijiji kiwe na halmashauri yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu. Chini ya kijiji kuna kitongoji na mwenyekiti wake. Vilevile marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni yenye haki ya kuchimba iandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii inayoizunguka. Hayo yote ni mema. Lakini mipango ile ni ya madarasa, visima na vituo vya afya. Shimo lililo nyuma ya migomba haliandikwi kwenye mpango wa mkoa. Hilo wanaliona wanaolala karibu nalo, na wao ndio waliovuta kamba.

Kwa hiyo siku ya tatu tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukamweleza kwamba hatuanzishi serikali nyingine. Tunaomba baraka yake, na tutamletea taarifa kila mwezi. Akakubali, na mkutano wa kwanza akaufungua mwenyewe.

Sheria ya mdomo wa duara

Jambo lililotuumiza kichwa lilikuwa fedha. Kila mtu hapa ana kisa cha mchango uliopotea: wa msikiti, wa kanisa, wa harusi, wa timu ya mpira. Tulipopendekeza shilingi elfu moja kwa kaya kila wiki, ukimya ulitanda. Mzee mmoja mwenye duara akasimama. Alituuliza mawe yanagawanywaje.

Kila mtu alijua. Mawe hugawanywa mdomoni mwa duara. Viroba hupangwa kwa safu, vikahesabiwa kwa sauti, na kila fungu likawekwa peke yake: la mwenye leseni, la mwenye shamba, la mwenye duara, la wachimbaji. Mafungu hutofautiana kwa makubaliano, lakini mgao haufanyiki usiku wala nyumbani kwa mtu. Kiroba kikiondoka kabla ya hesabu, ugomvi wake unaweza kumaliza urafiki wa miaka. "Basi," akasema mzee, "hela ya kitongoji igawanywe hivyohivyo. Kama tunaaminiana kwenye dhahabu, tutashindwa kwenye elfu moja?"

Tukaifanya kuwa sheria yetu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mkeka hutandikwa nje ya banda langu, sanduku hufunguliwa, fedha humwagwa na kuhesabiwa kwa sauti na mtu asiyekuwa kiongozi. Kisha mimi nasoma daftari mstari kwa mstari. Asiye na fedha hutoa siku ya kazi, nayo huandikwa sawa na fedha. Wakati ule sikujua kwamba sheria hii ndiyo ingetubeba mwaka mzima.

Shimo halifukiwi kwa udongo tu

Kazi ya kwanza ilikuwa mashimo. Tuliyazungukia yote ya kitongoji tukiwa na rangi nyeupe na vijiti, tukayawekea alama. Mengine yalikuwa ndani ya eneo lenye leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania pekee, hudumu miaka saba, na mwenye leseni ndiye anayebeba wajibu wa usalama wa eneo lake. Kwa hiyo hatukuingia kwa mabavu. Tulikwenda kuzungumza. Mmoja alitupa kifusi na vijana wake kwa siku mbili. Mwingine alituzungusha wiki tatu, mpaka wazee walipokwenda kukaa naye.

Shimo la mbuzi tulilifukia sisi wenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo ni ya usafi nchini tangu Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kuigeuza siku ile kuwa ya kufagia na kuzoa taka, nchi ikiwa katika kipindupindu. Tulijaza udongo, tukakanyagakanyaga, tukapiga makofi, tukaenda kunywa chai.

Mvua za Novemba zilipokuja, udongo ule ukashuka. Asubuhi moja tulikuta pametokea bakuli lenye kina cha kiuno cha mtu, limejaa maji. Mtoto angeliona kama dimbwi la kawaida, akaingia kucheza. Nililia siku ile, na sioni haya kulisema.

Mchimbaji mmoja wa zamani ndiye aliyetufundisha. Duara hufukiwa kwa mawe makubwa kwanza, yapangwe yashikane, kwa sababu udongo peke yake hutafuta njia ya kuingia kwenye mapango ya chini. Juu ya mawe kiwekwe kifusi, kishindiliwe kwa tabaka. Udongo uwe wa mwisho, nao ubaki na kichuguu juu, ili ukishuka uwe sawa na ardhi. Tulirudia kazi yote. Wanaume walibeba mawe kwa machela, wanawake tulisogeza kifusi kwa ndoo. Leo pale pana kichuguu kidogo kilichoota nyasi, na kila nikipita nakiangalia.

Masika yalipokaribia tulihamia kwenye mitaro. Mkoa wetu ni miongoni mwa ile inayosumbuliwa sana na malaria, na mashimo ya kuchotea udongo hugeuka mabwawa ya mbu. Hapo sina mengi ya kusimulia. Ni jembe, sepetu na jasho, na mtaro unahitaji kuzibuliwa tena kila mvua inapopita.

Moto wa jiko langu

Kazi iliyonigusa zaidi ilianzia jikoni kwangu, na lazima niseme ukweli wake.

Anayeosha dhahabu hutumia zebaki ili ishikane na chembe zilizo kwenye unga. Kisha hukamua kwa kitambaa, akabaki na kidonge kizito cheupe kama fedha. Kidonge hicho hupashwa moto. Zebaki huruka, na ule weupe hugeuka rangi ya njano taratibu, kuanzia pembeni kwenda katikati. Ni kitu kizuri kukitazama. Kwa miaka mingi vijana walikuwa wanakuja bandani kwangu: "Shikamoo Mama, naomba moto wako kidogo." Nawapisha kwenye jiko la mkaa, kidonge kikawekwa kwenye kipande cha bati, kando ya sufuria ya maharage. Walinilipa kwa kununua chai. Binti yangu mdogo alikuwa akichuchumaa pale kutazama rangi inavyobadilika.

Mhudumu wa afya tuliyemwalika kwenye mkutano wa Februari alituambia kwamba moshi wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huingia kwa pumzi, hung'ang'ania kwenye kuta, paa na nguo, na huharibu mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, kichwa kinauma, usingizi unapotea. Mtoto mdogo na mimba iliyo tumboni ndio wanaoumia zaidi. Na ile inayomwagika majini huingia kwa samaki, na samaki huja kwenye sahani zetu.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilimtazama binti yangu akiwa amelala, nikakumbuka ni mara ngapi nilimwacha achuchumae kando ya jiko lile.

Hatukuwa wa kwanza duniani kuambiwa hivyo. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwanda iliingia baharini ikawatesa wavuvi na watoto wao, na ugonjwa ule ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na kutembelea migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ikieleza watoto wanaofanya kazi mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mambo haya yalikuwa yameandikwa zamani. Yalikuwa hayajasomwa bandani kwangu.

Kikundi kikapitisha azimio: hakuna kuchoma kidonge ndani ya nyumba, wala kwenye banda la chakula, wala karibu na watoto. Nilikuwa wa kwanza kusema hapana, na wiki ya kwanza nilipoteza wateja. Tukatenga mahali pa wazi, upepo ukielekea porini, mbali na kisima. Tukanunua kwa mchango wetu ritoti, chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Kidonge huwekwa ndani, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hudondoka kwenye maji tayari kutumika tena. Hilo la mwisho ndilo lililowavuta vijana. Zebaki hununuliwa kwa fedha, na hakuna anayependa kuona fedha yake ikiruka. Wawili wetu walikwenda hadi Lwamgasa, kwenye kituo cha mfano kilicho chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa, ambako wachimbaji wadogo hufundishwa kuchenjua bila zebaki. Walirudi na mengi. Njia ile inahitaji mtaji mkubwa kuliko wetu, lakini sasa tunajua kwamba ipo.

Si kila mtu anatii. Wapo wanaochoma usiku, mlango umefungwa. Tunajua, na tunaendelea kuwafuata kwa maneno ya kindugu.

Bei ya sepetu

Mwezi wa tano niliulizwa swali ambalo sitalisahau. Nilikuwa nasoma: misumari, kamba, sepetu mbili. Yule kijana aliyeshuka kumtoa mbuzi akanyanyua mkono. "Mama katibu, samahani. Sepetu hii Katoro ni bei ya chini. Wewe ulinunua wapi?"

Damu ilinipanda usoni. Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamekaa pale, na mimi nina umri wa mama yake. Nilitaka kumwambia kwamba miezi yote hii nakesha na daftari bila kulipwa. Mayu akanishika goti tu, hakusema kitu. Nikapumua, nikatoa risiti, nikaeleza: nilinunua duka la hapa kwa sababu nauli ya kwenda Katoro na kurudi ingekula nafuu yote. Kijana akapiga hesabu kwa sauti, akaona ni kweli kwa sepetu mbili, lakini ingekuwa tano, Katoro ingefaa. Mkutano ukaamua kwamba kuanzia siku ile wanunuzi wawe wawili, na vifaa vinunuliwe kwa pamoja mara moja kwa miezi mitatu.

Wiki iliyofuata kaya ambazo hazikuwa zimewahi kuchangia zilileta fedha. Mwenye nyumba mmoja aliniambia wazi: "Nilitaka kuona mtu akiulizwa." Alikuwa amekaa miezi yote akisubiri kuona kama swali litakaribishwa au muulizaji atafukuzwa. Hapo nikaelewa sheria ya mdomo wa duara. Watu wetu hawakuwa wachoyo, wala kule kupita kwao hakukuwa sababu ya kukaa pembeni. Walikuwa wamechoka kutoa fedha kwenye giza. Mtu anayepanga kuondoka keshokutwa atatoa leo, iwapo anaona leo hiyohiyo mchango wake umekwenda wapi.

Kwa hiyo kwa yeyote anayesoma haya na anataka kuanzisha kikundi kwake, iwe Tandale, iwe Kahama, iwe Mtwara, ushauri wangu ni huu. Anzeni na kitu kimoja mnachoweza kukimaliza, ambacho kila mtu anakipita kila siku. Mwende kwa mwenyekiti wenu mapema, asisikie kwa wengine. Siku ya kazi ihesabiwe sawa na fedha, ili maskini awe na sauti. Na mahesabu yasomwe mahali pa wazi, mwezi kwa mwezi, hata mwezi ambao sanduku ni tupu. Huo hasa ndio mwezi wa kuyasoma.

Ukurasa wa mwisho

Januari 2017, katika kata hiihii, wachimbaji 15 walifukiwa chini ya ardhi kwenye mgodi wa Mawemeru, na baada ya siku kadhaa za uokoaji wote walitoka hai. Taifa zima lilishangilia nasi. Hapa kwetu kila mtu anajua vilevile majina ya ambao hawakutoka, siku nyingine, kwenye maduara yasiyotangazwa. Ndiyo sababu fungu moja la sanduku letu ni la msiba, na halichukuliwi kwa kazi nyingine. Mwaka huu tuliwasafirisha vijana wawili kwenda kuzikwa kwao. Mji wa wapitaji unapaswa angalau kumrudisha mtu nyumbani kwao kwa heshima.

Yapo tuliyoshindwa. Shimo kubwa la kando ya barabara bado liko wazi, limejaa maji ya kijani, na mazungumzo na mwenye eneo hayajafika mwisho. Tumelizungushia miiba. Miiba si ukuta, na hilo ndilo litakuwa ajenda ya kwanza ya mwaka mpya.

Wiki mbili zilizopita kijana wa sepetu alikuja bandani asubuhi, begi begani. Rashi ilikuwa imesikika kwingine na wenzake walikuwa wameshapanda gari. Alilipa deni lake la chai. Alilipa na michango ya wiki tatu alizokuwa nyuma. Kisha akafungua begi, akatoa kamba yake, ileile aliyoshukia siku ya mbuzi, akaiweka juu ya meza yangu. "Huko nitanunua nyingine," alisema. "Hii iandike."

Nililifungua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikaandika tarehe, na mbele yake: kamba moja, mali ya kitongoji.